Mnazi Ambao Bi Husna Hakuula

Mwanaima amefungasha vyombo mara nyingi maishani, hata mikono yake haingoji kuambiwa: sufuria ndogo ndani ya kubwa, vikombe ndani ya leso, mkeka juu, kitanda mwisho. Alizaliwa Galu, upande wa Diani, katika nyumba ambayo baba yake aliijenga kwa mikono yake juu ya ardhi isiyokuwa yake. Pwani hii jambo hilo si ajabu. Kuta zaweza kuwa za mtu mmoja, udongo ulio chini ya kuta ukawa wa mwingine, na mnazi ulio mlangoni ukawa wa mtu wa tatu, na wote wakasalimiana vizuri kila asubuhi. Mwenye ardhi yao alikaa mbali, na sharti lake lilikuwa moja: msipande kitu cha kudumu. Muhogo pandeni, kunde pandeni. Mnazi, mwembe, mkorosho, hapana. Mti utakaoishi kuliko aliyeupanda hugeuka shahidi, na mwenye ardhi hakutaka mashahidi.

Kwa hivyo Mwanaima alikua bila mnazi wake. Wenziwe walikuwa nao. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishakauka na kudondoka, huzikwa uani na juu yake hupandwa mche wa mnazi; akianza kutembea huonyeshwa, ule wako. Kitovu cha Mwanaima kilizikwa tu, pasipo alama, na mwenye ardhi alipouza pakapita ukuta. Alipomzaa Muhsina, akiwa kwa mumewe huko huko Diani katika nyumba ya kukodi, kitovu cha binti nacho kilikwenda chini pasipo alama. Siku hizi mahali hapo pana bwawa la kuogelea la wageni. Muhsina hulifanyia mzaha. "Mimi kwetu ni pale penye maji ya buluu," husema. Mamake huwa hacheki.

Mumewe alipomwacha alikuja kijiji cha Munje, mtoto mgongoni, na kazi moja aliyoijua vyema, kusuka makuti. Bi Husna, mjane wa Mzee Abdulwahab, alimpa chumba. Ilikuwa nyumba ya mawe na chokaa, vyumba viwili upande huu na viwili upande ule, ukumbi katikati, bati lililoanza kushika kutu. Uani palikuwa na kisima na minazi minne, kila mmoja umezungushiwa mawe ya matumbawe shinani kama watu wa zamani walivyofanya kuzuia mbuzi.

"Makuti ya ile mitatu kata utakavyo," Bi Husna alimwambia siku ya kwanza. "Ule wa karibu na kisima uache."

"Una ugonjwa, bibi?"

"Uache tu, mwanangu."

Mwanaima aliuacha. Kuti likianguka lenyewe, Bi Husna alilikokota mwenyewe mpaka nje ya ua na kumwita mpita njia alichukue. Mkwezi akija kuangua, nazi za mnazi huo ziliwekwa kando, zikatiwa kwenye gunia na kupelekwa chuoni kwa watoto wanaosoma Kurani. Nyumba nzima inapika mchuzi bila nazi, gunia limejaa mlangoni, na bado liliondoka. Mwanaima alidhani ni nadhiri. Watu huweka nadhiri zao na Mola wao, na mpangaji haulizi.

Miaka ilipita, Muhsina akasoma, akaajiriwa kufua mashuka katika hoteli moja Diani, akapanga chumba Ukunda. Bi Husna alianguka, akawa mtu wa kugeuzwa kitandani, na aliyemgeuza ni Mwanaima, kwa sababu binti wa nyumba, Fauzia, aliolewa Vanga ambako mvua ikinyesha barabara haipitiki, na mtoto wa mwisho, Ubeid, alivuka mpaka kwenda Tanga akiwa kijana, akaingia meli, na habari zake zikakatika. Nassir, mkubwa wao, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Msambweni na alikuja Ijumaa kwa Ijumaa. Bi Husna alifariki kwa utulivu, asubuhi, Mwanaima akimnyooshea miguu. Baada ya hapo kodi ilikwenda kwa Nassir, na maisha yakaendelea kama kawaida.

Mwaka huu Muhsina alijifungua mtoto wa kiume, Abdurahman. Alikuja kulelea uzazi wake Munje. Kitovu kilipodondoka, Mwanaima alikifunga ndani ya kitambaa cheupe, akakitia kwenye kikopo cha poda na kukiweka juu ya kabati.

"Mama, si ukizike tu hapo uani?" Muhsina aliuliza.

"Hapo uani kwa nani?"

Kikopo kilikaa juu ya kabati, na kila alipofagia Mwanaima alikiona.

Ndipo Nassir alipokuja siku isiyo Ijumaa, akakaa barazani, akavua kofia na kuivaa tena.

"Bi Mwanaima, nyumba nataka kuiuza," alisema. "Nimekuja kwako kwanza. Wewe ulimstiri mamangu. Bei yako haitakuwa bei ya mtu wa nje."

Mwanaima alikuwa na akiba yake, ya makuti na ya chama cha akina mama, na Muhsina angeongezea mkopo wa kazini. Lakini hakuuliza bei. Aliuliza, "Na udongo?"

"Na udongo wake. Hati ipo."

"Kwa jina la nani?"

Nassir alicheka kidogo. "La babangu, la nani tena? Sisi tuko watatu. Mimi nimekubali. Fauzia amekubali kwa simu. Ubeid, wewe wajua. Tutaandikiana, tutaweka mashahidi, basi. Kuna mtu wa Ukunda ananisumbua kila siku kwa simu, huyo hata kisima hajauliza kama kina maji. Nakungoja wewe mpaka Maulidi yapite."

Mwanaima aliinamisha uso. Furaha nyingine mtu huogopa kuionyesha, isije ikasikia jina lake ikakimbia. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kama ni hivyo basi kitovu cha mjukuu wake kingepata mahali.

Nassir alifurahi kwa ajili yake. Alisimama akampeleka uani, akaanza kuonyesha kwa kidole kama mtu anayetambulisha jamaa. "Basi mpandie hapa, kwenye mstari. Huu wangu, ona ulivyopinda, kama mimi. Ule wa Fauzia. Ule pale wa Ubeid, haukosi nazi hata siku moja, mwenyewe hayuko."

"Na wa kisimani?"

Kidole kilishuka. "Ule umejiotea," alisema, akaangalia saa.

Mwanaima alimsindikiza hadi njiani, akarudi, akasimama mbele ya mnazi wa kisimani. Nazi huanguka ikajiotea, hilo ni kweli. Lakini nazi iliyojiotea haijizungushii matumbawe.

Siku ya pili alikuwa amekaa na jirani yake Twaiba chini ya kibanda, makuti yaliyorowekwa yakiwa katikati yao. Twaiba alizaliwa Munje na hajawahi kuhama hata nyumba moja. Ulimi wake ni mkali na mikono yake haina haraka. Anakunja ukuti juu ya ufito, anashona, anasema.

"Shoga, leo unashona kama unamshonea adui. Ona mwanya huo, mvua itapita na mwavuli wake."

"Twaiba, Mzee Abdulwahab alikuwa na watoto wangapi?"

Twaiba aliendelea kushona. "Kwani Nassir amekwambiaje?"

"Watatu."

"Basi watatu."

"Na mnazi wa kisimani ni wa nani?"

Mkono wa Twaiba ulisimama. "Miaka yote hiyo unakaa nyumba hiyo, leo ndiyo waona mti? Mimi nilidhani umeshajua ukanyamaza kama tulivyonyamaza sote." Akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Mzee alikuwa akiendesha lori la mifugo, kutoka Samburu ya barabara ya Nairobi kuja huku. Akaoa huko Mduruma, jina lake Mbeyu, akamleta hapa hapa, chumba hicho unacholala wewe. Akazaa binti, Mishi. Mnazi ukapandwa kama ya wenziwe, kwa haki kabisa. Lakini Bi Husna hakuweza. Wewe ulimjua akiwa mzee, laini. Hukumjua akiwa na meno. Alimwambia mumewe, ni yeye au mimi. Mbeyu akaachwa, akarudi kwao na mtoto hajaachishwa ziwa. Mzee akafa hajawaendea tena. Na jina la mtoto likakatazwa nyumbani humo."

"Mti haukukatwa."

"Nani angethubutu? Ukikata mnazi wa mtoto umemkata mtoto."

Mwanaima aliitazama kamba mkononi mwake. Aliona gunia la nazi mlangoni, mchuzi mwepesi, kikongwe akikokota kuti zito kwenda nje ya ua kwa sababu hakutaka hata kivuli cha faida yake kibaki ndani. Kumbe haikuwa nadhiri. Mwanamke aliyemfukuza mtoto alishindwa kula cha mtoto.

"Sasa utafanyaje?" Twaiba aliuliza. "Ukimwambia Nassir, atauza kwa yule wa Ukunda kesho. Ukinyamaza, nani atajua? Huyo Mishi mwenyewe pengine hajui bahari iko wapi."

"Mimi nitajua."

"Wewe nawe! Umekosa nyumba maisha yako yote, leo imekuja miguuni unaitafutia dosari."

Mwanaima alivuta ukuti mwingine. Twaiba alisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Kununua kungekuwa rahisi sana. Angetia kufuli lake mlangoni, angezika kitovu, angefundisha Abdurahman kutembea kwa kumshikisha ukuta wake mwenyewe. Na kila asubuhi angechota maji kisimani chini ya mti wa mtu. Aliwaza mwenye ardhi wa Galu, ambaye hakuwahi kuuona uso wake, mtu aliyeuza udongo wenye kitovu chake bila kujua kama kuna aliyezaliwa pale. Pengine hata yeye hakuwa mtu mbaya. Pengine hakuuliza tu.

Alikwenda kwanza afisi ya kadhi, kwa karani mmoja kijana anayeitwa Luqman, mtoto wa mtu anayemfahamu. Luqman alimsikiliza, akamweleza taratibu. Mali ya marehemu haiuziki mpaka mirathi ifunguliwe na warithi wote watajwe. Binti wa mke aliyeachwa ni mrithi sawa na Fauzia, maana talaka ni ya mama, mtoto haachwi na babake. Asipotajwa, siku atakayotokea mauzo yaweza kutenguka.

"Na aliyepotea? Huyo Ubeid?"

"Aliyepotea, mama, hakukubali wala hakukataa. Fungu lake huwekwa likamngoja."

"Mpaka lini?"

Luqman alikuna shavu. "Mpaka kadhi aone. Huenda ikawa muda."

Kwa hivyo warithi walikuwa wanne, mmoja hajulikani aliko na mwingine hajulikani kama yupo. Mwanaima alitoka nje akakaa kwenye ngazi kidogo. Alikuwa na njia ya kurudi nyumbani, na alikuwa na njia ya Samburu. Kabla ya kuondoka Munje alikuwa ameupiga picha mnazi kwa simu yake, hata hakujua kwa nini. Sasa alijua.

Samburu ni mahali pa malori na vumbi jekundu, mbuzi wamefungwa kwa kamba kando ya barabara kuu, na watu wanaopita ni wengi kuliko wanaokaa. Aliuliza Mishi binti Abdulwahab, hakuna aliyemjua. Akauliza Mishi wa Mbeyu, na wachuuzi wawili wakanyoosha mkono pamoja: pale, kwenye kibanda cha chai, yule mwenye leso ya njano.

Alikuwa mwanamke wa rika lake, mweusi wa kung'aa, anasukuma chapati kwa chupa. Mwanaima aliona paji la uso kabla ya kitu kingine. Lilikuwa paji la Nassir, pana, kama limewekwa juu ya nyusi kwa makusudi.

"Salama, dada?"

"Salama. Chai?"

"Nimetoka Munje. Nina neno la kununua."

"Hapa kinachouzwa ni chai na chapati, dada yangu. Mbuzi ni ng'ambo."

Mwanaima hakujua njia nzuri ya kuanza, basi akatoa simu akampa. Mishi alijifuta unga, akaishika kwa ncha za vidole.

"Huu ni mnazi."

"Ni wako."

Kutoka kwenye benchi dereva mmoja alipaza sauti. "Mama, chapo zangu mbili zimelala ama? Nina mzigo wa Nairobi!"

"Ngoja! Ama lori lako likupikie!" Mishi alijibu bila kugeuka. Macho yake hayakutoka kwenye picha. Aliipanua kwa vidole, akaona shina, mawe ya matumbawe, kona ya kisima. "Mama alikuwa akiniambia nina mnazi baharini," alisema mwishowe. "Nikilia usiku, nyamaza, una mnazi wako baharini. Mimi nilidhani ni uongo wa kumnyamazisha mtoto. Wengine huahidiwa ndege."

"Bado mamako yupo?"

"Ametangulia. Mjomba wangu Chome ndiye aliyenikuza." Alirudisha simu, akageuza chapati, akaihudumia benchi, akarudi. "Huko wananitaja?"

Hapo Mwanaima angeweza kusema uongo mdogo wa adabu, na ungepokewa. "Hawakutaji. Mimi nimekaa nyumba hiyo tangu binti yangu akiwa mdogo, na jina lako nimelisikia juzi. Lakini yule mama, mke wa babako—"

"Aliyetutoa."

"Aliyewatoa. Hakula nazi yako hata moja, mpaka anakufa. Ilikuwa ikianguliwa inakwenda chuoni. Makuti yake nilikatazwa. Mimi kazi yangu ni makuti, dada, na kuti la mti huo sijawahi kulitia mkononi."

Mishi aliiweka chini ile chupa ya kusukumia. "Hakula," alisema.

"Hakula."

Chapati iliungua, harufu ikawafikia, Mishi akaitupa kwa mbuzi. Kisha akauliza kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angeuliza. "Sasa wewe wataka nini? Nitie kidole gumba mahali, uende zako?"

"Nataka kununua nyumba. Nimeitaka kabla hata ya kuambiwa inauzwa. Lakini nataka uje uone kwanza. Ukishaona, ukisema hapana, nitafungasha vyombo. Najua kufungasha."

"Na kwa nini hukunyamaza? Mimi nisingejua."

"Wewe usingejua," Mwanaima alikubali.

Nassir alipopata habari alikasirika, kwa namna yake ya watu wa dukani, bila kelele. Alipiga simu. "Bi Mwanaima, mimi nilikuja kwako kwa wema, wewe umekwenda kunifukulia kaburi la babangu." Mwanaima alisema samahani, kwa sababu alikuwa mdogo wake kwa mambo mengi, lakini hakusema amekosea. Nassir aliahidi kumuuzia yule mtu wa Ukunda. Wiki ile nzima Mwanaima alisuka makuti kama mtu anayelipa deni, na jioni moja alijikuta ameziweka sufuria moja ndani ya nyingine kabla hajafikiri. Akazitoa, akazipanga tena rafuni.

Lakini Munje ni mahali padogo na Twaiba ana ulimi, na mara hii ulifanya kazi njema. Yule mtu wa Ukunda aliposikia kuna mrithi mwingine, hai, mwenye miguu ya kutembelea, aliisahau njia ya Munje. Na kutoka Vanga Fauzia alimpigia simu kakake, kwa sauti ambayo Twaiba anasema ilisikika bila simu: "Nassir, mama amekufa na jambo hili shingoni. Wewe wataka kufa nalo pia? Mlete mtoto wa baba."

Mishi alikuja Jumapili, amevaa buibui jipya lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Nassir alikuwa barazani kabla yake. Alisimama alipomwona, akakaa, akasimama tena.

"Ndiye wewe," Mishi alisema, "ambaye mama alisema ulikuwa ukinibeba?"

"Ndiye mimi." Nassir alikohoa. "Nilikuangusha siku moja. Pale kisimani. Nilipigwa na baba mpaka leo nakumbuka."

Mishi alipandisha mkono wa buibui akaonyesha kovu kiwikoni. "Mimi maisha yangu yote nimeambiwa nilipigwa na mbuzi."

Twaiba, aliyekuwa amejipitisha hapo kwa shughuli ambayo hakuna aliyeijua, aliangua kicheko, na baada yake wengine. Hakukuwa na kukumbatiana wala machozi mengi. Nassir alimpeleka dada yake uani, akamwonyesha minazi kwa kidole, mmoja mmoja, na mara hii kidole hakikushuka. Mishi aliuegemeza mgongo wake kwenye mti wake, akatazama juu, akaupimapima kama mtu anayemwona mtoto aliyemwacha mchanga.

Mbele ya kadhi mambo yalichukua muda, na bado yanachukua. Mirathi ilifunguliwa na warithi wanne wakatajwa. Nassir, Fauzia na Mishi walikubali kumuuzia Mwanaima mafungu yao. La Ubeid halikuguswa. Likatajwa kuwa ni chumba cha mbele upande wa kulia, pamoja na mnazi wake. Hati ya ardhi ingali kwa jina la Mzee Abdulwahab, marehemu wa siku nyingi, na Luqman anasema ina safari yake na itafika. Mwanaima ana karatasi ya mahakama na ana neno la watu watatu. Nyumba ni yake, isipokuwa pale isipo yake.

Mishi alikuwa na sharti moja, alilolisema mbele ya wote. "Nyumba nimeuza. Udongo nimeuza. Mnazi siuzi."

"Hiyo ni haki yake," alisema Fauzia, aliyekuwa amekuja kutoka Vanga na matope kwenye pindo la buibui.

"Tena nazi zake nitakuja kuziangua mwenyewe," Mishi aliendelea, akimgeukia Mwanaima. "Makuti ni yako. Kata. Mti umechoka kuogopwa."

Siku hiyo hiyo waliokota kati ya matumbawe ya mnazi wa Mishi nazi moja iliyosahauliwa, iliyokwisha kuchipua, kijani chake kimesimama kama sikio la sungura. Mishi aliiinua kwa mikono miwili, akampa Muhsina. Shimo lilichimbwa kwenye mstari, likatiwa chumvi kidogo, maana mnazi huipenda. Mwanaima alipanda kiti akakishusha kikopo cha poda kutoka juu ya kabati. Kitambaa kilikuwa chepesi mkononi, chepesi kuliko alivyokumbuka. Alikiweka chini mwenyewe, akafukia, na Abdurahman, aliyekuwa mgongoni mwa mamake, akalala usingizi mchana wote bila kujua amepewa nini.

Sasa Mwanaima bado anasuka makuti, na huenda atasuka mpaka macho yakatae. Chumba cha mbele upande wa kulia hampangishi mtu. Hukifagia, hufungua dirisha kipindi cha joto, hulifunga mvua ikija. Juzi mwanakandarasi mmoja wa Diani alikuja kuchukua mzigo, akaona haujatimia, akatazama juu.

"Mama, na ule pale? Makuti yameiva kabisa, yanaanguka bure."

Mwanaima alitazama mnazi wa Ubeid, uliojaa nazi kama kawaida yake. Kuti moja lilikuwa chini, limelala kwenye mawe. Aliinuka, akalishika shinani, akaanza kulikokota kwenda nje ya ua. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

"Ule uache," alisema. "Una mwenyewe."